“Yuko kwenye mashine”: maana ya kutegemeza uhai na namna ya kuizungumzia bila kukosea

Mtu akisema “mgonjwa yuko kwenye mashine”, bado hajasema kitu. Yupo aliyelazwa usingizi baada ya upasuaji mkubwa, ambaye kesho asubuhi atatolewa mrija na kuomba maji. Yupo ambaye figo zake zimegoma, anasafishwa damu huku akizungumza na wanawe. Na yupo ambaye ubongo wake umekwisha kufa ingawa kifua bado kinapanda na kushuka. Wote watatu huitwa “wa mashine”, na ndugu wa wote watatu hulia kilio kimoja. Mwongozo huu ni wa kuwatenganisha: neno lina maana gani, mashine ipi inafanya kazi gani, namba zipi za kufuatilia, na maneno yapi hutumiwa vibaya mpaka yakaleta madhara.

Kutegemeza uhai ni kuifanya kazi ya kiungo kilichoshindwa, kwa mashine, dawa au mikono, ili mwili usife wakati chanzo cha tatizo kinashughulikiwa. Ukuta ulioinama huwekewa mwega wakati fundi anatengeneza msingi, lakini mwega wenyewe hautengenezi msingi. Vivyo hivyo mashine ya kupumulia haiponyi nimonia. Dawa za kuua bakteria na kinga ya mwili ndizo zinazoponya, mashine inashikilia tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari si “atapona?” bali “mnategemeza kiungo gani, na chanzo ni nini?” Asipokuwepo mtu wa kutaja chanzo kinachotibika, hapo ndipo penye mazungumzo mazito.

Neno moja, matumizi kadhaa

Ukikutana na cheti cha mafunzo ya “msaada wa msingi wa kuokoa uhai”, usifikirie mashine. Hiyo ni kazi ya mikono kwa mtu ambaye moyo wake umesimama: kubinya katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kukiacha kifua kirudi juu kabisa kila mara, na kumpulizia pumzi 2 baada ya kila mibinyo 30. Kosa la kawaida ni kubinya juujuu kwa kuogopa kuvunja mbavu. Mbavu zilizovunjika huunga, lakini ubongo uliokosa damu kwa dakika kadhaa haurudi ulivyokuwa. Mafunzo ya juu huongeza kushtua moyo kwa umeme, dawa za mshipa na njia za kulinda pumzi. Chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi hukiita ICU, ndipo mashine zenyewe zilipo.

Neno hili liko pia katika vyombo vya anga na nyambizi, na huko kuna jambo linalosaidia kuelewa hospitali. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku na kutoa karibu kilo 1 ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka kwenye chombo cha Apollo 13, wanaanga watatu walihamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini. Oksijeni huko ilikuwepo. Kilichotaka kuwaua ni hewa yao wenyewe waliyoitoa, kwa kuwa vichujio vya chombo kidogo vilikuwa vichache na vile vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba, visivyoingia kwenye tundu la duara. Waliviunganisha kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu na utepe wa gundi. Shika jambo hilo: kupumua ni kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na mgonjwa anaweza kushindwa moja huku nyingine ikiendelea vizuri. Ndiyo maana kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 97 ya oksijeni na bado daktari akasema lazima awekwe mrija.

Mashine ya kupumulia

Hii ndiyo watu wengi humaanisha wanaposema “mashine”. Ilipata umaarufu Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alitambua kwamba wagonjwa walikuwa wanakufa kwa kulimbikiza kaboni dayoksaidi, akapendekeza watobolewe koo na hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko wa mpira. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu kuibinya mifuko hiyo kwa mikono, usiku na mchana. Kabla ya hapo kulikuwa na “mapafu ya chuma”, pipa lililofyonza hewa kuzunguka mwili ili kifua kitanuke. Mashine za leo hufanya kinyume chake, zinasukuma hewa ndani. Madhara yake mengi yanatokana na huko kusukuma.

Mrija wa mtu mzima huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 7 hadi 8. Unapita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa. Alama yake kwenye meno huwa karibu na sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Ukizama zaidi huingia pafu la kulia peke yake na la kushoto hunywea. Ukipanda juu, hutoka. Mwishoni una puto dogo linalojazwa hewa kwa shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji: likilegea mate na makohozi huteremkia mapafuni, likikazwa mno hukata damu kwenye ukuta wa bomba la hewa.

Kwa kuwa mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti, mgonjwa hawezi kutoa sauti hata akiwa macho kabisa. Ndugu wengi huchukulia ukimya huo kuwa amepoteza fahamu, wakaanza kuzungumza juu ya mazishi kando ya kitanda. Huenda anasikia. Mpe ubao wa herufi, au maswali ya ndiyo na hapana ya kujibiwa kwa kukonyeza au kubana kidole.

Kwenye kioo cha mashine kuna namba nyingi, lakini nne zinatosha kwa mtu asiye tabibu.

FiO2 ni sehemu ya oksijeni katika hewa anayopewa. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, na mashine inaweza kupandisha hadi 100. Ikikaa juu ya 60 kwa siku nyingi, oksijeni yenyewe huanza kuumiza mapafu, kwa hiyo wauguzi huiteremsha mara tu inapowezekana.

PEEP ni shinikizo linaloachwa mapafuni mwishoni mwa kila pumzi ili vifuko vya hewa visinyauke. Huanzia karibu na sentimita 5 za maji. Ikifika 12 au 15, mapafu yana hali mbaya.

Kasi ya kupumua huwekwa mara nyingi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Mashine huonyesha pia pumzi anazovuta mgonjwa mwenyewe, na hizo ndizo za kutazama kwa makini.

Ya nne ni kiasi cha hewa kwa kila pumzi, mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo. Kilo hizo si za kwenye mizani bali hukokotolewa kwa urefu, maana mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kuwa na kilo 66, hata kama ana 110, hivyo hupewa mililita 400 hadi 530 hivi. Zamani walipewa mara mbili ya hapo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yamejeruhiwa vibaya, ulionyesha kwamba kushuka kutoka mililita 12 hadi 6 kwa kilo kulipunguza vifo kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Tiba yenyewe ilikuwa inatanua mapafu kupita kiasi, mpaka yanachanika.

Chukua daftari. Kila siku, saa ileile, andika FiO2 na PEEP. Jumatatu 90 na 14, Alhamisi 50 na 8: mapafu yanaelekea pazuri, hata kama uso wa mgonjwa bado umevimba na unatisha. Jumatatu 40 na 5, Alhamisi 80 na 12: kuna jambo jipya, uliza ni nini. Namba ya siku moja haikwambii lolote. Mwelekeo ndio unaokwambia. Na usizisome peke yake: mapafu yanaweza kupona wakati moyo au figo vinaanguka.

Kumtoa kwenye mashine

Mgonjwa hachomolewi ghafla siku akipona. Kila asubuhi, kama hali inaruhusu, dawa za usingizi hupunguzwa au kusimamishwa ili aamke, kisha hujaribiwa kupumua kwa msaada kidogo sana kwa dakika 30 hadi saa 2. Kwa kawaida hujaribiwa akiwa na FiO2 ya 40 au 50 kwenda chini, PEEP kati ya 5 na 8, shinikizo la damu likiwa limetulia, na akiweza kukohoa. Akianza kuhema harakaharaka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio, jaribio husimamishwa na kurudiwa kesho. Hakujashindikana kitu hapo. Hata wanaopita na kutolewa mrija, mmoja kati ya kumi na pengine zaidi hurudishiwa ndani ya siku chache, mara nyingi kwa sababu koo limevimba, makohozi yamemzidi, au misuli imechoka. Mweleze kila ndugu hilo mapema, maana kurudishiwa mrija bila kuandaliwa huwavunja watu moyo kuliko mara ya kwanza.

Zikipita wiki moja au mbili bila dalili ya kutoka, madaktari hupendekeza kutoboa koo na kuweka mrija mfupi shingoni. Wengi huogopa wakidhani ni hukumu ya maisha. Mara nyingi ni nafuu: mdomo unakuwa huru, dawa za usingizi hupungua, mgonjwa anaweza kuketi na hata kufundishwa kuongea tena, na tundu likishamaliza kazi hufungwa.

Kengele, na yanayoharibika

Kengele za ICU hulia mara nyingi, na nyingi si za hatari: amekohoa, amejigeuza, kipimo kimetoka kidoleni. Mtazame mgonjwa kabla ya kutazama kioo. Kama kifua hakipandi, rangi inabadilika au anahangaika, ita muuguzi kwa sauti. Usibonyeze kitufe cha kunyamazisha wala kugusa mabomba. Mgonjwa wa mrija akizidiwa ghafla, wahudumu huwa na mambo manne vichwani kwa mpangilio: mrija umehama, mrija umeziba kwa makohozi, pafu limepasuka na hewa imejaa kifuani, au mashine yenyewe ina hitilafu. Humtenga na mashine, wakampumulisha kwa mfuko wa mkono huku wakitafuta. Ukiwaona wanafanya hivyo, hawajamkatia tamaa, wanafuata hatua.

Yapo pia madhara yanayokuja polepole. Nimonia ya mashine huzuiwa kwa kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 na kusafisha kinywa kila siku, basi ukikuta kitanda kimelala bapa bila sababu, uliza. Vidonda vya kulala huzuiwa kwa kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa 2. Damu huganda miguuni, misuli huyeyuka ndani ya siku chache tu, na akili huchanganyikiwa. Mgonjwa anaweza kuona wadudu ukutani au kudai kuna watu wanaotaka kumuua. Kuchanganyikiwa huko si wazimu, na hupunguzwa kwa vitu vidogo: miwani yake, kifaa chake cha masikio, saa ukutani, taa kuzimwa usiku, na sauti anayoijua ikimwambia leo ni siku gani.

Mashine na dawa nyingine

Dawa za kupandisha shinikizo la damu ni sehemu ya kutegemeza uhai hata kama hazina kelele. Ya kwanza huwa noradrenalini, inayopita kwenye mshipa mkubwa kwa pampu ndogo, na lengo la kawaida ni wastani wa shinikizo wa milimita 65 za zebaki. Dozi hutajwa kwa mikrogramu kwa kilo kwa dakika: 0.05 ni kidogo, na ikivuka 0.5 mgonjwa yuko pabaya sana. Iongeze kwenye daftari lako.

Usafishaji damu hufanya kazi ya figo. Mtu mwenye figo zilizokufa lakini shinikizo zuri huenda mara 3 kwa wiki, saa 3 hadi 4 kila safari, kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake. Anategemezwa uhai kabisa, ingawa hakuna amwitaye “mahututi”. ICU hutumia aina ya polepole inayokwenda saa 24 kwa sababu shinikizo la chini halivumilii kuondolewa maji kwa haraka.

ECMO, inayofanya kazi ya mapafu na pengine ya moyo, ndiyo ya mwisho na ngumu kuliko zote: damu hutolewa kwa mrija mnene, hupitishwa kwenye kichujio cha oksijeni na kurudishwa, lita 3 hadi 5 kwa dakika kwa mtu mzima. Damu ikigusa plastiki huganda, ukimpa dawa ya kuzuia kuganda anatoka damu, na kazi nzima ni kutembea katikati ya hatari hizo mbili.

Neli ya puani yenye lita 2 za oksijeni kwa dakika haihesabiwi kuwa kutegemeza uhai. Chakula na maji kwa mrija huhesabiwa na sheria za nchi nyingi, na watu wengi wa dini na wa sheria bado wanabishana juu ya hilo. Uliza mapema, mnapoanza kukubaliana.

Maneno yanayochanganywa

“Mahututi” hueleza ukali wa hali, haielezi mashine. “Koma” ni kutoamka, na mtu wa koma anaweza kupumua mwenyewe. Anayelala kwa sababu ya dawa za usingizi hayuko koma kwa maana hiyo, kwa hiyo uliza dawa zilisimamishwa lini kabla ya kuamini kuwa hataamka.

“Kifo cha ubongo” ni kifo, si koma kali. Kilianza kuelezwa kwa vigezo mwaka 1968 na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard. Kabla ya kupima, chanzo cha jeraha lazima kijulikane, mwili uwe na joto la nyuzi 36 au zaidi, na dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini. Kisha hutazamwa kama mboni zinaitikia mwanga, kama anakohoa mrija ukisafishwa, kama macho yanasogea maji baridi yakimiminwa sikioni. Mwisho hupewa oksijeni na kutengwa na mashine kwa dakika 8 hadi 10, wakisubiri kaboni dayoksaidi ya damu ifike milimita 60 za zebaki au ipande 20 juu ya ilipoanzia. Ubongo ulio hai, hata ukiwa umeumia sana, huvuta pumzi hapo. Usipovuta, amekufa, na mahali pengi saa hiyo ndiyo saa ya kifo. Moyo huendelea kwa kuwa una chanzo chake cha mapigo, na mkono unaweza kuinuka kwa amri ya uti wa mgongo tu, jambo linalowatisha sana wasioambiwa. Kwa mtu huyo usiseme “anaishi kwa mashine” wala “tukizima atakufa”. Sema “amefariki, mashine inapitisha hewa”.

“Kuzima mashine” kwa mtu aliye hai ni jambo jingine: ni kusimamisha tiba isiyomfaidia tena au asiyoitaka. Halifanywi kwa kubonyeza swichi. Hupewa kwanza dawa za maumivu na za kutuliza kuhema, kengele hunyamazishwa, dawa za shinikizo husimamishwa, oksijeni hupunguzwa, mrija hutolewa. Kifo huja kwa dakika, saa au siku, na mara chache hakiji. Karen Ann Quinlan wa New Jersey alitolewa mashine mwaka 1976 baada ya uamuzi wa mahakama, akaendelea kupumua mwenyewe hadi 1985. Kwa hiyo usiahidi saa.

Agizo la “asifufuliwe” nalo hueleweka vibaya. Linahusu kubinya kifua na kushtua moyo ukisimama, basi. Mwenye agizo hilo anaweza kuendelea kupewa dawa, damu na hata mashine ya kupumulia. Kama familia inataka kuzuia zaidi ya hapo, kila kitu kitajwe kwa jina lake na kiandikwe.

Kuwaarifu wengine

Teueni mtu mmoja wa kuongea na madaktari, na mmoja wa kuandika. Ujumbe kwa ndugu wa mbali utaje kiungo, chanzo, tangu lini, mwelekeo, na hatua inayofuata. Mfano:

“Mama yuko ICU tangu Jumanne kwa nimonia ya mapafu yote mawili. Anapumulia mashine, na oksijeni anayohitaji kupewa imepungua kutoka asilimia 80 hadi 50, ni dalili nzuri. Amelazwa kwa dawa za usingizi, hajapoteza fahamu kwa ugonjwa. Dawa ya shinikizo ni 0.1, jana ilikuwa 0.2. Figo zinafanya kazi. Kesho saa 3 asubuhi watapunguza usingizi wamwone akipumua mwenyewe. Akishindwa watajaribu tena keshokutwa. Msipige simu wodini, nitaandika saa 6 mchana.”

Saa 6 ikifika, andika hata kama hakuna jipya.